Baba Alipoikataa Ligero Yangu

Hoteli ninayohudumu Mwanza ilipofungua chumba cha wavuta sigara kubwa, zile nene za kukunjwa kwa mkono, meneja alinipa orodha ya maneno ya Kihispania na sauti za kuyasikiliza kwenye simu. Habano, vitola, ligero, maduro: majina ya sigara, maumbo na majani yake. "Mgeni akikusikia unababaika, hanunui," akaniambia. Nikachukua likizo na orodha yangu, nikaenda nyumbani Kituntu.

Nisiwe mnafiki, sikwenda kwa ajili ya maneno. Baba alikuwa amepata kiharusi. Mkono ulirudi, mguu ukarudi, ulimi ukabaki mzito. Hospitali walisema aongee kila siku, la sivyo ulimi utazidi kulala. Lakini baba alifundisha Kiswahili maisha yake yote, mtu wa kumsahihisha hata mchungaji mlangoni pa kanisa. Aliposikia maneno yake mwenyewe yanatoka yamepinda, alifunga mdomo. Wageni wakipiga hodi, yeye huyoo chumbani. Niliumia, na kusema kweli nilikasirika pia. "Tata," nilimwambia, "kiburi hicho kitakuua." Akanigeuzia mgongo.

Basi kila asubuhi nikawa nakaa naye barazani na simu yangu, mama pembeni anamenya ndizi. Simu inasema, mimi nafuatisha. Habano, h haitamkwi. Vitola, v inakuwa b. Mama aliposikia kwamba majani ya ndani ya sigara huitwa tripa, yaani utumbo, alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Waitu! Wanavuta matumbo!"

Iliyonishinda ni ligero, lile jani kali la juu kabisa kwenye mmea. Ile g inakwaruza koo, kama mwenye duka wetu mwenye asili ya pwani anaposema kheri. Samaki mkunje angali mbichi, na ulimi wangu ulishakauka zamani. Nikasema ligelo, hata r ikageuka l. Nikarudia, ligelo. Siku ya tatu, mara ya ishirini sijui ya thelathini, nikasikia sauti kando yangu, nzito, ya kukokota:

"Hapana. Li-khe-ro."

Nikageuka; ni baba. Hakunitazama. Aliikodolea simu macho kwa hasira, kama alivyokuwa akiyatazama madaftari yetu ya shule. Nadhani alisahau kuona haya, maana Kituntu nzima hakuna aliyewahi kumsikia akilisema neno lile vizuri. Angekosea, nani angejua? Nikalisema tena vibaya, safari hii kwa makusudi.

"Hapana!"

Mama akaacha kumenya. Mama huyu, kwa miaka arobaini, alichukia kusahihishwa kuliko kitu chochote. Kiswahili chake alikiokota sokoni, juu ya Kinyambo chake, na baba hakuwahi kuiachia sentensi yake moja ipite. Mara ngapi nilimwona akisusa chakula na kwenda zake kibanjani, migombani huko, anaongea peke yake! Sasa akafuta utomvu mikononi, akaja kukaa mbele ya baba, goti kwa goti.

"Ligelo," akasema.

Midomo ya baba ikahangaika, ikatafuta.

"U-me-kosea."

Mama akajishika uso kwa mikono yote miwili, machozi yakipita katikati ya vidole.

"Nimekosea, mwalimu," akasema. "Nisahihishe tena."