Dakika Kumi za Kimana

Ukitaka kumwona Waithera akikasirika, mtajie Kimana. Si lazima useme neno baya. Sema tu kwamba vitunguu ulivyobeba vimetoka Kimana, uone mkasi utakavyotua mezani.

Waithera ni fundi wa sare za shule. Kibanda chake kiko Kitengela, nyuma ya soko, kina cherehani mbili na rundo la sweta za kijani. Lakini mtaani wengi hawamjui kwa sare, wanamjua kama Mama Safari. Mambo yalianzia kanisani, miaka tisa iliyopita, walimu wa shule ya Jumapili walipowapeleka watoto matembezi na kumsahau mmoja chooni kwenye kituo cha mafuta. Waithera hakuwa mwalimu, alikuwa mzazi tu aliyefuatana nao. Aliwagombeza walimu wote mbele ya pasta, hakubakisha mtu. Jumapili iliyofuata wakamkabidhi kazi hiyo, labda wakitumaini itamshinda.

Haikumshinda. Alichukua mabaki ya vitambaa vya sare, akavikata tepe, akamfunga kila mtoto mkononi. Watoto walihesabiwa wakipanda na wakishuka, hata kama wameshuka kununua maji tu. Tangu siku ile hajapotea mtoto. Akasomea udereva, akapata leseni, akawa anaendesha mwenyewe gari la kanisa mpaka Isinya na Kajiado.

Kisha familia zikaanza kumjia. Waliotaka kutoka asubuhi na kurudi jioni aliwaambia ni wapi watoto wanaruhusiwa kulisha mbuni, wapi kuna kivuli, na siku gani hakuna foleni. Waliotaka kwenda pwani aliwaandikia ukurasa mzima kwa mkono, akaupiga picha na kuwatumia. Tokeni saa kumi na moja alfajiri, watoto wakiwa bado na usingizi. Chai Emali. Mtito Andei wote waende chooni, hata anayesema hataki. Hakuna soda kabla ya Voi. Mfuko wa kutapikia ukae mbele, usiufungie kwenye buti. Watu walienda na ukurasa ule, wakarudi wamebabuka kwa jua, wamemletea mabuyu ya kushukuru.

Na watoto wake mwenyewe walikuwa hawajaiona bahari hata kwa mbali.

Hawakukosa gari. Mumewe, Saning'o, hununua mbuzi soko la Kajiado na kuwauzia wenye bucha wa Kitengela, na ana Noah ya viti saba. Wala hawakukosa nia. Desemba sita mfululizo familia ile ilipakia maboya ya kuogelea, chapati na mayai ya kuchemsha, ikaondoka Kitengela ikiimba. Mara zote sita safari iliishia Kimana, kwa mama yake Saning'o.

Saning'o ni mtu mzuri. Muulize yeyote Kitengela, atakwambia Saning'o hana neno na mtu. Ukimwomba gari la kwenda mazishini, chukua. Ukimtaka kwenye kamati, yumo, tena ni mweka hazina. Hapana ni neno ambalo halijawahi kumtoka. Waithera alikuwa akisikia sifa hizo huku akiuma meno, kwa sababu kila ndiyo aliyoitoa nje ilichukua kitu nyumbani kwake.

Kila Desemba, wakishamaliza chai Emali, Saning'o alikuwa akijikuna shingo na kusema, "Tupite tu Kimana tumsalimie Mama. Dakika kumi."

Dakika kumi gani hizo, ikiwa kufika tu ni mwendo wa saa nzima na zaidi? Na mkifika, mnamkuta kondoo amefungwa kwenye ua anawasubiri. Kondoo akishachinjwa kwa ajili yako huwezi kumwacha motoni ukawasha gari, hiyo itakuwa dharau. Basi mnalala. Kesho yake jamaa wanasikia mmefika, wanakuja. Siku ya tatu jirani anavuna vitunguu na Saning'o, ambaye hana neno na mtu, ameshaahidi kwamba familia yake itasaidia. Siku ya tano Waithera anatakiwa arudi kwenye cherehani, maana sare za Januari hazingoji mtu. Maboya yalirudi Kitengela na upepo wake uleule.

Kwa nini hakumwambia huyo mama mkwe ana kwa ana? Kwa sababu hawakuwa na lugha. Waithera, mzaliwa wa Nkoroi, mtoto wa Githinji wa karakana, alijua Kikikuyu na Kiswahili, na Kimaa, lugha ya Wamaasai wa kwa mumewe, kwake kiliishia kwenye salamu. Koko, kama watoto walivyomwita nyanya yao, alikuwa na Kiswahili cha kuuzia maziwa tu. Kila walichosemezana kilipitia mdomoni kwa Saning'o. Bibi alisema maneno mengi, Saning'o akatafsiri, "Anasema amefurahi sana." Waithera akajibu, Saning'o akatafsiri, na bibi akatikisa kichwa polepole, akimtazama. Waithera akajikalisha jikoni kwa watu na uso umevimba, akiamini kwamba bibi yule amemfunga mwanawe kamba na huivuta kila Desemba. Moyoni alimwita Kizuizi.

Novemba iliyopita, Florence, jirani yao, alirudi kutoka pwani alikokwenda kwa kufuata ukurasa wa Waithera. Mwanawe, Hillary, alimletea Koinet zawadi ya kombe la baharini. Koinet ni mwana wa Waithera, ana miaka minane. Alishinda kibandani amelibandika sikioni, mwishowe akamuuliza mama yake, "Mum, bahari ni ya kina Hillary pekee?"

Sindano ya cherehani ilikatika.

Seleyian, dada yake, wa miaka kumi na minne, hakuinua hata macho kutoka kwenye simu. "Koi, wewe zoea tu. Sisi yetu ni vitunguu."

"Hii December hatukati kona Emali," Waithera akasema. "Nimeapa."

"Hata last year uliapa, Mum."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana iliuma. Januari Seleyian alikuwa anaingia shule ya bweni, na Waithera alijua mtoto akishaingia bweni huanza kuwa wa watu wengine. Akiondoka akiamini kwamba neno la mama yake ni la kupitisha wakati tu, nani atamrudishia imani hiyo? Asubuhi ya siku iliyofuata alimweka Saning'o kitako.

"Baba Seleyian, niangalie. Tunaenda Mombasa ama hatuendi?"

"Tunaenda, Mama Seleyian. Kwani nimekataa?"

Hakukataa. Hajawahi kukataa.

Desemba ikafika. Walitoka saa kumi na moja, tepe mikononi, Waithera amekaa mbele macho makavu kama askari wa zamu. Emali wakanywa chai. Alipokuwa akimfunga Koinet mkanda, Saning'o alizunguka nyuma ya gari na simu, akarudi na uso wa msibani.

"Mama ameanguka. Ni mguu. Tumwone tu, dakika kumi."

Angesemaje? Mtu ameanguka, na ni mzee. Waithera aliitikia kwa kichwa. Kiti cha nyuma Seleyian alivaa visikizi vyake, akaegemeza kichwa dirishani. Waithera angeona afadhali amtukane.

Walipofika Kimana, mtu wa kwanza waliyemwona alikuwa Koko mwenyewe, anatoka kuchota maji, mtungi wa lita ishirini mgongoni, anatembea kwa miguu miwili mizima. Kando ya ua, kondoo alikuwa amefungwa.

Watoto walishuka, wakainamisha vichwa, nyanya yao akawagusa utosini. Akamgeukia Waithera, akamsalimu. "Takwenya."

"Iko," Waithera akaitikia, maana adabu ni adabu. Kisha adabu ikaishia hapo. "Mguu uko wapi?"

Katika miaka yote ya ndoa Waithera hakuwahi kumpandishia sauti mama mkwe wake, na siku hiyo aliipandisha mpaka majirani wakasimama mashambani.

"Mama, leo nitasema! Miaka sita unanikatia safari! Watoto wangu hawajaona bahari juu yako! Kama unataka kijana wako, mchukue, kaa naye, lakini niachie barabara!"

Saning'o alikohoa, akamgeukia mama yake na kuongea Kimaa, kwa upole, maneno machache.

Seleyian akavua visikizi. "Baba, hakusema hivyo."

"Wewe nyamaza, haya ni ya wakubwa."

"Umemwambia Koko ati Mum amechoka na safari, anataka kulala kidogo. Hakusema hivyo."

Wote wakamgeukia. Desemba sita za kuchunga wana-kondoo na kuchota maji na wasichana wa Kimana zilikuwa zimempa mtoto yule Kimaa kizima, na hakuna mtu mzima aliyekuwa ameliwaza hilo. Akasogea mbele ya nyanya yake, akamwambia yote kama yalivyosemwa, hata lile la kuachiwa barabara.

Koko akatua mtungi chini. Akauliza kitu kifupi.

"Anauliza, safari gani?" Seleyian akasema.

"Ya bahari! Mwambie ya bahari!"

Bibi alisikiliza, akauliza tena kana kwamba hakusikia vizuri. Kisha akaanza kuongea, macho kwa mwanawe, na alipoanza hakupumua. Seleyian alimfuata mbio kwa Kiswahili, akiruka maneno.

"Anasema kila December anapigiwa simu. Anaambiwa ni wewe, Mum, umeomba watoto wakuje wakae na yeye. Anasema yeye hajawahi kuwaita. Hata siku moja. Mwaka jana alikuwa aende mkutano wa wamama wa kanisa, akaacha, akangoja wewe." Akasita, akamtazama mama yake. "Anasema alikuwa anajiuliza wewe ni mtu wa aina gani, unaomba kukuja kwa mtu, halafu unakuja umenuna."

Waithera alishikilia mlango wa gari. Hasira ya miaka sita, aliyoilea vizuri, aliyoipa hadi jina, ilikuwa imeelekezwa kwa mtu asiye na kosa. Wala haikupoa. Ilizunguka taratibu, ikamkuta Saning'o amesimama karibu na gurudumu la mbele, anajikuna shingo.

"Sikutaka kukasirisha mtu," Saning'o akasema. "Wewe ulitaka bahari. Mama ako peke yake huku. Ningefanya aje? Nilijua mkishafika mtafurahi."

"Ungesema!" Waithera akafoka. "Tulikuwa na mdomo mmoja kati yetu, wako, na ukautumia kutudanganya sote wawili! Mimi nimemchukia mama yako, Saning'o! Nimemchukia bure, miaka sita, na wewe ukinitazama!"

"Mama Seleyian, watu wanasikia."

"Wacha wasikie! Si wao ndio wanasema huna neno na mtu?"

Koko hakungoja tafsiri ya hayo. Alimwita Koinet, akamuuliza jambo, na Koinet akatoa kombe mfukoni, akampa. Bibi aliligeuza, akapitisha kidole ndani yake palipo laini, akalirudisha. Akamwambia Seleyian neno.

"Anauliza kama gari iko na nafasi."

Waithera alimtazama yule mwanamke, kwa mara ya kwanza bila mtu katikati. "Mwambie iko," akasema.

Bibi aliingia ndani, akatoka amevaa shuka safi na viatu vya kanisani, mkoba kwapani. Akaenda moja kwa moja kwenye ua, akafungua kamba ya kondoo, akaja akaiweka mkononi mwa mwanawe na kumwambia sentensi moja tu. Seleyian akacheka, kicheko cha kwanza tangu Kitengela.

"Amesema nini?" Waithera akauliza.

"Amesema, 'Uliniambia wageni wanakuja. Baki uwapokee.'"

Saning'o alimgeukia mkewe, akingoja amtetee. Waithera alinyoosha mkono apewe funguo.

"Lakini barabara ya Mombasa si ya kujifunzia," Saning'o akasema, kama alivyosema kila mwaka.

"Nimewachorea watu wangapi hiyo barabara? Lete."

Akazipata. Kabla hajawasha gari alitoa utepe wa kijani kwenye mfuko wake, akamfunga mama mkwe mkononi, mafundo mawili, kama anavyowafunga wote. Akahesabu: mmoja, wawili, watatu. Bado alikuwa na hasira, ikamfanya akanyage mafuta kwa nguvu mno, na gari likaruka. Kwenye kioo alimwona mumewe amesimama njiani na kondoo wake, anapunga mkono kidogo, kama mtu asiye na neno na mtu.

Walifika Emali karibu na adhuhuri. Koinet alikuwa amelala mapajani kwa nyanya yake, kombe mkononi. Mbele yao barabara iligawanyika, kushoto kurudi nyumbani, kulia kwenda pwani. Seleyian alikuwa ameinuka kwenye kiti, anaangalia mikono ya mama yake kwenye usukani, hajaamini bado.

Ujumbe ukaingia kwenye simu. Seleyian akaitazama.

"Ni Baba. Anauliza tutarudi saa ngapi."

Waithera aliwasha indiketa ya kulia.

"Mwambie dakika kumi."