Kadi Zilizobaki Stoo

Katekista wetu alikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, na kila Jumapili alitoka kwake amevibeba begani, kamba zimefungwa pamoja, kimoja kinaning'inia mbele na kingine nyuma. Alikanyaga matope yote kwa miguu mitupu mpaka kwenye kijito kilicho karibu na kanisa. Hapo aliketi juu ya jiwe, akanawa miguu, akaipangusa kwa majani, akavaa. Kutoka kijitoni mpaka mlango wa kanisa ni hatua labda hamsini. Ibada ikiisha alivua pale pale akabeba tena. Nafikiri alizikwa navyo, au mwanawe alivirithi, hapo sina hakika. Mimi sikumbuki neno hata moja alilotufundisha. Nakumbuka vile viatu chini ya meza ya Bwana.

Nimeanza mbali, lakini nilikuwa hivyo tangu zamani, mtu wa kutazama miguu ya watu. Shule niliacha darasa la pili, na si kwa sababu ya umaskini kama wengine wanavyosema, niliacha kwa sababu mwalimu alinicheka. Herufi nilizo nazo ndizo hizi mnazoziona, nimeziongeza baadaye kidogo kidogo kama mtu anayeokota kuni. Halafu nilikwenda Kibirichia kuchimba viazi vya watu. Yeyote aliyechimba viazi Kibirichia asubuhi ya baridi bila viatu atanielewa. Mchanga unauma kama chuma. Mwenye shamba alikuwa mama mzuri, alitupa uji, lakini uji unafika tumboni tu, hauendi miguuni.

Niliporudi nyumbani, upande wa Manyatta, nikakuta mwenzangu mmoja ana akala, zile ndara za tairi la gari. Alikuwa fundi wa nguo, kijana bado, na kwa sababu ukanda wa tairi ulimchubua, aliuzungushia kitambaa chekundu, akakishona vizuri kwa mkono. Akala nyekundu zilikuwa zake peke yake. Mtu akiona alama ya tairi kwenye njia hajui ni nani, lakini akiona ule wekundu anajua fundi amepita.

Huyu fundi nilitahiriwa naye asubuhi moja. Lazima niseme jambo hapa, kwa sababu vijana wa siku hizi wanatahiriwa hospitali na hawajui. Mtu wa rika lako unaweza kumtukana, unaweza kumwambia miguu yako ni kama mwiko, na hawezi kukasirika. Lakini aibu yake ya kweli huipeleki kwa watu. Ukiijua, unanyamaza, unangoja ailete mwenyewe. Mmoja wetu aliwahi kuiba mbuzi wa shangazi yake. Tulijua wote, tulikula naye, hata ngozi tuliiona. Tulingoja karibu miaka miwili mpaka siku moja ya pombe akasimama akasema, yule mbuzi ni mimi. Tukacheka, akalipa, ikaisha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Sasa nitaingia.

Wakati wa vita vya msituni tulikusanywa kijiji kimoja, kimezungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Kutoka bila kibali huwezi. Kulikuwa na ofisi ya kupeleleza, na mkubwa wake alikuwa mzungu mwembamba aliyekunywa chai bila maziwa. Hakupiga mtu. Wa kupiga walikuwepo, nyumba nyingine. Yeye aliandika. Siku aliyoniita aliniambia niketi, akasukuma kiti kwa mguu. Nilikuwa sijawahi kuketi kwenye kiti mbele ya mzungu. Watu wengine walisema baada ya kupigwa, na mimi siwahukumu. Mimi sikupigwa hata kofi. Nilipewa kiti, chai, na kibali cha kwenda kufanya kazi kwenye kahawa. Nikaweka kidole gumba kwenye kadi, akaniambia kwamba kuanzia leo mimi ni namba kumi na saba.

Baada ya siku chache watu walipangwa uwanjani. Mimi niliingizwa ndani ya gunia lililotobolewa macho, likanifunika mpaka magotini. Kazi ilikuwa kutikisa kichwa tu. Mtu anapita, ukitikisa, anatolewa. Nilikuwa nimeazima akala za fundi siku mbili kabla, niende nazo shambani. Nilipoangalia chini kwenye yale matobo niliviona vile vitambaa vyekundu. Nilikuwa na muda wa kuvua. Hili nalisema wazi kwa sababu mwenyewe nimejidanganya miaka mingi kwamba sikuwa na muda. Nilikuwa nao. Niliwaza kwamba wakiona akala hawatafikiria mimi, na nikaziacha mguuni.

Nilitikisa kichwa kwa watu wawili. Mmoja alirudi. Wa pili alikuwa jirani mwenye watoto wanne, hakuwa na kosa ninalolijua, aliwahi tu kunicheka mimi na darasa langu la pili. Huyo hakurudi, na hakuna aliyetuambia alizikwa wapi.

Kijiji kizima kiliona akala nyekundu.

Basi bendera ya uhuru ikapanda. Kabla ya hapo yule mzungu alichoma makaratasi mjini Embu, nyuma ya ofisi za serikali, siku mbili mfululizo, majivu yakatua mpaka kwenye mahindi ya watu. Akaniachia barua nzuri, na kwa barua hiyo nikapata kazi ya kufagia na kubeba faili katika ofisi hizo hizo za Embu. Nilifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa. Nililea watoto kwayo. Fundi naye alibaki Manyatta na cherehani yake. Watu walimpelekea nguo kwa sababu alishona vizuri, lakini hawakumsalimia kwa mkono. Kanisani hakupewa hata kazi ya kuokota vitabu. Mjane wa yule jirani akipita mlangoni kwake alitema mate chini, kila siku, kama anayepiga kengele ya saa. Mimi nilimtembelea mara moja moja. Alinikaribisha. Hakutaja akala na mimi sikutaja. Nilijiambia labda amesahau aliniazima, watu husahau vitu vidogo.

Miaka kumi na kitu ikapita. Akaja kijana kutoka Nairobi, msomi, na shati jeupe, kuchukua nyaraka za zamani zikahifadhiwe vizuri. Ikaonekana kwamba yule mzungu hakuchoma zote. Stoo ya nyuma, chini ya magunia ya chokaa, kulikuwa na maboksi manne. Mimi nilikuwa na ufunguo wa stoo ile miaka yote na sikuwahi kuinua magunia yale. Kijana alituambia, mimi na karani, kwamba karatasi hizo ni mali ya serikali, hata panya akila anashtakiwa.

"Basi mpeleke huyu panya wetu," karani akasema akinionyesha mimi, "ameshamaliza faili mbili na anataka chai."

Tulicheka. Tulipanga maboksi barazani na kijana akawa anasoma. Ilikuwa Kiingereza, lakini alipenda kututafsiria, nafikiri alikuwa mpweke. Alitusomea barua ambazo yule mkubwa aliwaandikia wakubwa wake. Anaomba likizo kwa sababu mama yake ni mgonjwa kwao. Wanamkatalia. Anaomba tena, anasema meno yanamuuma pia. Nilishangaa, maana sikuwahi kufikiria kwamba mtu yule ana mama. Halafu akafika mahali mzungu anapoeleza watu wake wa kumletea habari, mmoja mmoja kwa namba. Huyu mwoga, yule mlevi. Kijana akacheka peke yake.

"Sikieni huyu. Kumi na saba. Anasema huyu hahitaji kusukumwa, yuko tayari kuliko anavyohitajika. Anasema anamtumia lakini hapendi kukaa naye chumba kimoja." Akaniangalia. "Mzee, huyo mtu alikuwa mbaya kweli."

"Alikuwa mbaya," nikasema. Nikacheka na mimi.

Kile kiti, mnakikumbuka. Miaka yote hiyo, katika aibu yangu yote, nilikuwa nimebaki na kile kiti, kwamba mzungu aliniheshimu akanikalisha. Siku ile nilikwenda nyuma ya choo cha ofisi nikasimama pale mpaka karani akaniita.

Karani alikuwa anashonesha suruali kwa fundi, na mdomo wake ulikuwa hauna mlango. Akamweleza habari ya maboksi, akamwambia kuna mpaka kadi zenye vidole. Kesho yake fundi akaja Embu kwa miguu. Alinikuta nafagia. Alikuwa amezeeka kuliko mimi ingawa tuko sawa. Alikuwa ametafuna muguka, yale majani ya miraa, mpaka midomo imekuwa kijani, yeye ambaye hakuwa mtu wa muguka.

Tuliketi kwenye ngazi. Alinieleza kwamba binti yake ameposwa, na kijana mwenyewe anampenda, lakini ni wa ukoo wa yule jirani aliyepotea. Wazee wa ukoo wamesema hawaingizi nyumbani damu ya mtu wa gunia. Wamempa mpaka Jumapili alete kitu cha kuonyesha kwamba si yeye, au posa ivunjike. Binti amekataa kula. Akatoa mfukoni karatasi ya kaki, ile anayokatia vipimo, akaikunjua. Katikati alikuwa ameweka kidole gumba kwa wino.

"Wewe uko na ufunguo," akasema. "Hiki kidole changu. Linganisha na zile kadi. Kama changu kimo, nitaondoka Manyatta na watu wangu. Kama hakimo, mwambie msomi aniandikie mstari mmoja tu."

"Na kama kuna cha mtu mwingine?"

Akaniwekea ile kaki mkononi. "Hicho mwenyewe atajua," akasema. "Ni lini wanabeba?"

Nikamwambia Ijumaa. Akasema atakuja Alhamisi.

Kadi yangu niliipata bila shida. Kidole changu kina kovu, nilijikata na panga nikikatia ng'ombe majani, kwa hiyo ile alama ina mstari mweupe umepita katikati kama njia shambani. Niliweka karatasi ya kaki kando yake. Kidole cha fundi kilikuwa kizima, duara ndani ya duara. Nilipitia kadi zote za boksi lile la Manyatta na hakuna hata moja iliyofanana nacho. Ingetosha. Ningempelekea msomi kadi zote na ile kaki, ningesema tazama, huyu hayumo. Hata kadi yangu nisingeitaja. Lakini niliogopa kwamba akitazama cha fundi atatazama na vya wengine, na mimi hushika chai mbele yake kila siku kwa kidole hiki. Nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Nilikuwa mzee wa kanisa, na hilo bado sijalisema. Katika kanisa lile lile ambalo fundi haokoti vitabu.

Nilitia kadi yangu katika jiko la kuchemshia chai. Ilikuwa nene, ilijikunja polepole, mpaka karani akauliza ni nini kinanuka.

Alhamisi fundi alikuja amevaa koti. Alikuwa ameleta na embe mbili za Mbeere amezifunga kwa leso, zangu. Tulisimama nyuma ya ofisi, mahali yule mzungu alipochomea, nyasi zimeota. Nikamwambia kwamba boksi la Manyatta halikuonekana. Nikamwambia mchwa walikula. Nilisema mambo mengi, mchwa, maji ya mvua, nikaongeza na panya. Yeye alikuwa anasikiliza ameinamisha kichwa, na mimi nikafikiri anaona huzuni. Baadaye nikaona alikuwa anatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ofisi, vya ngozi, nimevipaka rangi.

"Msomi unaweza kumuuliza mwenyewe?" akasema.

"Ni mtu mwenye shughuli."

"Sawa." Akakunja leso yake tupu, mara nne, kwa uangalifu wa fundi. "Zile akala zangu," akasema, "ulizivaa mpaka zikaisha, au ulizitupa?"

Hakuinua sauti. Aliuliza kama mtu anavyouliza habari za ng'ombe.

Ndipo nilipojua kwamba alijua tangu siku ile ya uwanjani. Kila nilipokwenda kwake kunywa chai alijua. Mate ya mjane yalipoanguka mlangoni pake alijua, na hakunipeleka kwa watu kwa sababu tulitahiriwa asubuhi moja. Alikuwa ananingoja. Hata ile kaki na wino vilikuwa mlango tu, amenifungulia niingie.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na embe mkono huu na embe mkono huu. Nikasema, "Akala zipi?"

Alitikisa kichwa, polepole, mara moja, vile nilivyotikisa mimi ndani ya gunia. Kisha akageuka akashika njia ya kupitia sokoni, koti lake limepanda kidogo upande wa kushoto, hakuangalia nyuma. Jumapili nyumba yake Manyatta ilikutwa wazi, cherehani haipo, yeye hayupo, mke na binti hawapo. Wengine walisema Githongo, wengine Isiolo. Watu walisema sasa imethibitika, ndiye, ametoroka, na mimi nilikuwa nimeketi nao benchi moja waliposema hivyo.

Hakurudi tena.