Vidole Vitatu Jukwaani

Klabu yetu ilikuwa Eastlands jijini Nairobi, kati ya Makongeni na Kaloleni, jengo refu la mabati ambalo wazee walisema lilianza kama kantini ya watu wa reli. Mwenyewe alikuwa mama mmoja mjane kutoka upande wa Kiambu. Mumewe alipofariki, jamaa walimshauri aligeuze jengo kuwa bucha na ghala. Akakataa. Alinunua spika mbili na amplifaya, akatafuta watu watano wa kupiga muziki, nami nikawa mmoja wao.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Siku za wiki nilifanya kazi kiwandani, kwenye mashine ya kubonyeza mabeseni ya plastiki. Jumamosi tulifanya mazoezi, na Jumapili alasiri ndiyo ilikuwa bugi yenyewe, dansi ya mchana. Watu walitoka kanisani, wakala, wakabadilisha viatu, wakaja. Mimi nilipiga gita la solo. Tulipiga benga za kwetu magharibi na nyimbo za kwao mama, na hakuna aliyeuliza wimbo ni wa kabila gani mradi miguu inakubali.

Jumanne moja, mashine ilishuka kabla sijatoa mkono wa kushoto. Nilipoamka hospitalini, kidole cha mwisho na jirani yake havikuwapo.

Mpiga gita yeyote ataelewa. Mkono wa kushoto ndio unaotafuta sauti. Nilirudi nyumbani, nikalisukuma gita chini ya kitanda na kumwambia mke wangu alitafutie mnunuzi. Alinijibu, "Nimesikia," akaendelea kuchambua sukuma wiki. Jumapili alasiri, upepo ukivuma kutoka klabuni, nilisikia mwenzangu wa ridhimu akijaribu sehemu zangu za solo. Nilikuwa nafunga dirisha, hata kukiwa na joto.

Nilikaa hivyo karibu miezi mitatu. Ndipo Jumamosi moja asubuhi nikasikia hodi. Alikuwa mama wa klabu, amebeba mkate, sukari na maziwa, na nyuma yake mzee wetu wa besi, mtu mrefu mwenye maneno machache, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa blanketi. Mke wangu akawakaribisha, akaweka chai jikoni.

Mzee aliketi kando yangu. Wakati huo nilikuwa na tabia ya kuufunga mkono kwa kitambaa, hata baada ya kidonda kupona. Alikifungua bila kuniomba ruhusa.

"Dole gumba, cha shahada, cha kati," akasema, akivigusa kimoja kimoja. "Vitatu. Besi haihitaji zaidi ya hivi."

Akafungua blanketi. Lilikuwa gita lake, lile lile alilopiga tangu nikiwa mtoto wa shule.

"Mzee, hili ni lako," nikamwambia.

"Lilikuwa langu. Kijana wa ridhimu amepanda kwenye solo, kwa hiyo nafasi ya ridhimu iko wazi. Nimeanza kujifunza."

Nilikasirika. Nilidhani wamekuja kunihurumia, nikawaambia hivyo, na kwa sauti kubwa kuliko ilivyostahili.

Mama aliweka kikombe chini. "Mwanangu, mimi sina wakati wa huruma. Nina bendi isiyokamilika. Utapiga vibaya, najua. Basi njoo upige vibaya kule klabuni, si hapa kitandani."

Mke wangu ndiye aliyecheka kwanza. Nami nikajikuta nacheka, kisha nikalia, na mzee akaendelea kunywa chai yake kama haoni.

Nyuzi za besi ni nene. Wiki za kwanza ncha za vidole zilichubuka, zikapona, zikachubuka tena. Kila jioni mzee alipita kwangu akitoka kazini. Hakunifundisha kwa maneno. Alinigongea mezani kwa kiganja nami nikafuata.

Jumapili niliyorudi jukwaani, klabu ilikuwa imejaa. Wimbo wa kwanza niliuharibu. Kijana mmoja akapiga kelele, "Buda, rudisha mzee kwa besi!" Watu wakacheka. Nikamgeukia mzee nikitarajia aibu usoni pake, kumbe naye alikuwa amepotea kwenye ridhimu, anatafuta pa kuingilia, jasho linamtiririka. Mtu aliyejua kazi yake kuliko sote alikuwa amekubali kuwa mwanafunzi mbele ya mtaa mzima, kwa ajili yangu.

Mama alitoka jikoni na aproni yake. Hatukuwa tumewahi kumwona akicheza. Akasimama katikati ya ukumbi, akaanza peke yake, polepole, macho yakinitazama mimi. Mstaafu mmoja wa reli akamfuata na mkewe. Kufikia wimbo wa nne, ukumbi wote ulikuwa unacheza, na kwa mara ya kwanza nilisikia besi ikikaa vizuri chini ya ngoma, mahali pake.

Nilipiga pale miaka mitano. Kisha viwanda vikaanza kupunguza watu, disko zikafunguliwa kila upande, na mwenye kinanda kimoja akawa anafanya kazi ya bendi nzima. Miguu ya mama ikaanza kuvimba, naye akauza jengo mwishoni mwa muongo ule. Alitupikia pilau siku ya mwisho, akamshukuru kila mmoja wetu, hata mlinzi wa mlango. Sisi ndio tulipaswa kumshukuru. Tulijaribu, lakini hakutaka hotuba.

Mzee alirudi kwao magharibi. Alipofariki miaka kadhaa baadaye, nilisafiri kwenda kumzika. Mwanawe wa kwanza, akieleza maisha ya marehemu, alisema baba yao alipiga gita la ridhimu Nairobi, na kwamba mwenyewe alikiri hakuwa hodari sana. Waombolezaji wakatabasamu.

Nikaomba nafasi ya kusema. Niliwaambia alikuwa mpiga besi bora kuliko wote niliowahi kuwasikia Eastlands, na nikaeleza kwa nini aliacha. Mjane wake aliinua kichwa. Baada ya mazishi, wanawe waliniwekea kiti kwenye kivuli cha nyumba, wakaketi kunizunguka, wakaniomba nianze tena tangu mwanzo.