Jina la Alan Featherstone

Neno la kwanza ambalo Alan Featherstone alilisoma nje ya darasa lilikuwa jina lake mwenyewe, nalo lilikuwa limechongwa kwenye jiwe la kaburi. Kaka yake alifariki kwa dondakoo kabla yeye hajazaliwa. Mama yao, kama akina mama wengi wa bonde la Wear, kaskazini mwa Uingereza, wakati ule, akampa mtoto aliyefuata jina lilelile ili lisipotee. Kila Jumapili, ibada ikiisha, alimshika mkono wakapeleka maua.

"Msalimie Alan," mama alimwambia.

Naye Alan akamsalimia Alan.

Alikua, akaajiriwa kwenye machimbo ya mawe, akamwoa Enid, wakamzaa Hilary. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ila moyoni alijihisi kama aliyevaa koti la kuazima: linamtosha, linampa joto, lakini mwenyewe anaweza kuja kulidai wakati wowote.

Sasa amestaafu, Hilary amejifungua mtoto wa kiume, na anataka kumpa jina hilohilo.

"Mwite Keith," Alan alisema, akimenya viazi. "Keith lina kosa gani?"

"Keith ni mjomba wa mume wangu, Baba, na humpendi."

"Nitajifunza kumpenda."

Hilary hakukata tamaa. Alikuwa amekwenda maktaba mjini Durham kulitafuta jina la baba yake. "Hata wataalamu hawaelewani," alisema. "Wengine wanasema lililetwa na Wabretoni wa Ufaransa waliovuka bahari na Mfalme William, na maana yake ni jiwe dogo."

Enid alicheka mpaka miwani ikamteleza. "Jiwe dogo! Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akiwalipua ndugu zake kwa baruti!"

"Wengine wanasema ni mzuri wa sura."

"Hao hawajamwona akiamka."

"Wapo wanaosema ni mwana wa paa, yule mnyama wa porini. Na wapo wanaolirudisha kwa Waalani, watu wa zamani kutoka mashariki ya mbali, mabingwa wa kupanda farasi."

"Farasi wa machimboni alinitupa kwenye tope," Alan akasema. Kisha akaweka kisu chini. "Mwanangu, maana zote hizo ni nzuri. Lakini kwangu mimi lina maana moja tu. Ni jina la mtoto aliyelala kule kanisani kando ya ukuta. Mimi nilipewa nimtunzie. Nitampaje mtu mwingine kitu ambacho si changu?"

Hilary alimshika mkono uliolowa maji ya viazi.

"Basi uamue wewe. Mchungaji akiuliza jina, wewe ndiye utakayejibu. Ukisema Keith, atakuwa Keith, wala sitanuna."

"Utanuna."

"Nitanuna kidogo."

Jumapili ya ubatizo walikwenda kanisani kwa miguu. Enid alibeba kifurushi cha keki, jibini na sarafu ya fedha, ili, kwa desturi ya bonde, apewe mwanamke wa kwanza watakayekutana naye njiani, kwa kuwa mtoto ni wa kiume. Alan alimbeba mjukuu. Njia nzima alijizoeza kimoyomoyo: Keith, Keith, Keith. Mtoto alikuwa ameikamata tai yake na kumkodolea macho kana kwamba anangoja aseme kitu cha maana.

Kwenye lango la makaburi wakakutana na Bibi Nattrass, jirani wa mama yake Alan tangu zamani, akitoka kumwagilia maua ya marehemu mumewe. Enid akampa kifurushi. Bibi akakipima mkononi.

"Jibini zito hili! Enzi za baba mkwe wako ningeambulia ganda." Akainama juu ya mtoto. "Na huyu bwana mdogo anaitwa nani?"

Bonde zima linajua kwamba swali hilo halijibiwi kabla mtoto hajaguswa na maji, na Bibi Nattrass alilijua kuliko wote. Labda uzee ulimsahaulisha. Enid alikwisha kufungua kinywa kusifu hali ya hewa.

"Alan," Alan akasema.

Enid akamfinya. "Wee! Kabla ya maji? Unataka kumtia mkosi mtoto?"

Bibi Nattrass aligeuza macho polepole kuelekea ukutani. "Ah," akasema kwa upole. "Jina la kaka yako."

Alan alimtazama mjukuu. Alikuwa ameogopa kwamba siku akilitamka jina lile kumwita mtu mwingine, litatoka baridi kama jiwe. Lakini lilikuwa limetoka lenyewe, likiwa na joto, na wakati likitoka hakuwa amefikiria kaburi lolote.

"Hapana, Bibi," alisema. "Langu."

Nyuma yake Hilary alianza kulia na kucheka kwa pamoja. Enid akampa leso yake, kisha akaomba arudishiwe, maana naye machozi yalikuwa yamemtoka.