Kuyu wa Mke Mwenzangu

Mume wetu alizikwa Jumatatu, na mpaka Jumamosi mke mwenzangu hakuwa ameweka kitu tumboni ila maji. Mimi nilikuwa nakula. Nilikula ugali kama kawaida, nikalala, nikaamka. Hata kaburini sikulia, watu wakanitazama. Nikawaacha watazame.

Jumamosi hiyo nikamwambia, "Wewe una mtoto anayenyonya. Sema unataka kula nini."

"Samaki wa mtoni, dada. Kama wale aliokuwa anatuletea."

Sasa mletaji ndiye huyo tumemfukia. Alijifunza kuvua kwa mzungu mmoja, alipokuwa anafanya kazi hoteli ya watalii kule Ikoma. Akarudi na fimbo ndefu nyembamba yenye mshipi, na ndoano alizozifungia manyoya ya shingo ya jogoo, samaki adhani ni mdudu. Miaka yote nilimwona nayo, sikuuliza. Niliona ni mchezo wa mtu aliyechoka jembe.

Nikaichukua, nikashuka. Kiangazi hiki Mto Mara umebaki mawe na vidimbwi. Nilikwenda pale maji hayafiki goti, mamba hana pa kujificha. Samaki nawaona kabisa, na wao wananiona. Nikirusha, wanakimbia.

Ng'ambo kulikuwa na wanaume wananywesha ng'ombe. Wakacheka.

"Shikamoo bibi! Maji yamekosa nini, mbona unayachapa?"

"Marahaba. Nyamazeni, mnanikimbizia mboga."

Mmoja wao akasema, "Mzee alikuwa anapiga magoti, bibi. Ukisimama wanakuona."

Kumbe. Suruali zake nimezifua mimi, lile tope la magotini nalijua, nilikuwa sijui la nini.

Nikapiga magoti juu ya mawe, nikalitazama jua ili kivuli changu kiende nyuma. Mara ya nne au ya tano yale manyoya yakazama, mkono ukavutwa. Kuyu mmoja, mrefu kuliko kiganja. Nilidhani hapo ndipo nitalia. Wapi. Nikampasua, nikamwosha, nikapanda nyumbani.

Nikamchemsha bila mafuta, nikamwekea mwenzangu. Akamtazama sana.

"Umemvua wewe?"

"Kula, atapoa."

Akachomoa nyama ya tumboni, akatafuna taratibu. Kisha akasukuma bakuli upande wangu. Nikalirudisha. Nikakaa pale pale mpaka alipomgeuza samaki upande wa pili, ndipo nikainuka kwenda kufunga ndama.