Kamati ya Mazishi Ilikaa Mapema

Jumapili iliyopita, huko Manga, nilihudhuria kamati ya mazishi ya mtu ambaye bado alikuwa hai. Mwalimu wetu wa zamani alikuwa amelala ndani, hospitali ikiwa imemrudisha nyumbani. Sisi tulikaa nje, chini ya dirisha lake, na naibu chifu alikwisha kuchaguliwa mwenyekiti bila kupingwa, kama kawaida yake.

"Kwa niaba ya Serikali nitasema mimi," alitangaza. "Nusu saa tu."

"Nusu saa, Bwana Chifu? Na mvua ya huku?" aliguna mzee wa kanisa.

"Basi tufyeke ile migomba, tufunge turubai."

Hapo nesi akatoka na beseni. Huyu mama huja kwa miguu kila asubuhi kumwosha mwalimu na kumtuliza maumivu. Alimwaga maji kwenye migomba ile ile, bila haraka.

"Mwalimu amesikia yote," alisema. "Anaomba migomba msiikate. Tena anauliza, kati yenu yupo aliyekuja kumwona yeye?"

Tangu tupate Uhuru tumekuwa hodari wa kuunda kamati. Kubisha hodi kwa mgonjwa ndiko kumetushinda. Mwishowe tuliingia mmoja mmoja, kofia mikononi, tumeinama ingawa mlango haukuwa mfupi.

"Karibuni, vijana wangu," mwalimu alisema kwa sauti ndogo. "Mwenye hotuba aanze, nami nisikie."