Fimbo ya Bwana Harusi

Cheka, lakini ukimaliza unisikilize, maana nimechoka kusikia mkasa huu kwa Nestor, na Nestor anautia chumvi. Ndiyo, nilianguka. Ndiyo, mbele ya wakwe wa watu, pale Kamukuzi mjini Mbarara, nimevaa kanzu isiyo yangu. Aibu nimeila, sikatai. Lakini kosa la nani?

Mimi nilikuwa natafuta mashine ya kunyolea, basi. Hapa Rubondo, kambi yetu ya wakimbizi, vijana wana nywele mingi na kinyozi ni mmoja tu, tena mzee, tena mkono unatetemeka. Nikipata mashine yangu, mama hatalima tena mashamba ya watu na mgongo wake ule. Sasa akaja huyu bwana wa Mbarara anayenunuaga mahindi kwetu, akatuambia, mimi na Nestor, rafiki yangu Mrundi wa hapo jirani, kwamba anaoa, amegombana na ndugu zake juu ya shamba, hakuna hata mmoja atakayekuja, na wakwe hawawezi kukuta hema lake tupu. Tuvae kanzu na koti, wakicheka tucheke, tule, atulipe. "Mkiulizwa, nyinyi ndugu yangu ya Endiinzi, watu ya ng'ombe. Hapana ongea mingi." (Mimi na ng'ombe wapi na wapi? Sisi Babembe kwetu tulifuga kuku, nao tuliwaacha tukikimbia.)

Siku ya harusi, kule hemani, tulipokwisha kugawiwa kanzu na makoti, ikabaki fimbo moja, ndefu, nyeusi, inang'aa. Bwana harusi akasema atakayeishika atakaa mstari wa mbele na ataongezewa kidogo, na mimi nikaona mstari wa mbele ndiko sahani zinaanzia, nikainua mkono kabla ya Nestor. Hapo ndipo nilipojiroga mwenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba mwenye fimbo ndiye anayetumwa kupokea ng'ombe wanaotolewa na baba wa bibi harusi, maana kwao hata upande wa binti hutoa ng'ombe!

Msemaji akaita kwa Kinyankore, watu wote wakanigeukia, Nestor akanisukuma, "Simama, ni wewe." Nikaenda nikitabasamu kama mheshimiwa, wamama wanapiga vigelegele, kufika, Mungu wangu, ng'ombe gani wale! Pembe moja tu inanishinda urefu. Nikamgusa wa kwanza na fimbo. Akageuza kichwa (akageuza kichwa tu, wanaosema alinikimbiza ni waongo), na mimi, "Mama weee, inaniua!", mbio, kanzu ikanifunga miguu, nikaangukia mapaja ya shangazi wa bibi harusi pamoja na soda yake.

Mzee mmoja wa upande wao akaniinamia. "Wewe, nyinyi si watu ya Endiinzi? Mtu ya Endiinzi naogopa ng'ombe?"

Nikamtazama bwana harusi anisaidie. Aseme kijana anaumwa, aseme lolote! Unajua yule mtu alisema nini?

"Huyu mimi hapana jua. Alikuja kula tu."

Na kanzu niliyovaa ni yake! Nikavuliwa pale pale, nikabaki na kaptura, nikasindikizwa hadi barabarani kama mwizi wa kuku. Na Nestor? Anatafuna nyama, macho juu. Akalipwa. Leo mashine ya kunyolea ya Rubondo ni ya Nestor, na mimi nakaa kwenye kiti chake ananinyoa huku anawasimulia wateja.

Kwa hasira zile nilifika kituo cha magari ndipo nikaona fimbo bado iko mkononi.

Msimu uliofuata bwana harusi alirudi kununua mahindi. Akanikuta kwetu, akajifanya anatazama mawingu, mpaka alipomwona mama anapiga maharage na fimbo ile.

"Mama, hiyo fimbo ya baba yangu!"

Mama, ambaye nilimsimulia yote, akanyoosha mgongo polepole. "Ah, pole, baba. Ililetwa na mtoto wangu huyu. Kumbe munajuana?"

Bwana harusi akanitazama. Nikamtazama.

"Hapana," akasema, akaenda zake.

Kujifanya ndugu wa mtu kwa malipo sirudii tena, naapa. Lakini fimbo siipeleki. Siku atakayonijua, aje aichukue.